Sindano ya figo ya baba, kiharusi cha mama: kisa cha EPO kutoka Majengo

Hiki kisa nimekaa nacho moyoni miezi kadhaa na kijana mwenyewe ndo alonambia khalti andika watu wasome, kwa hivyo naandika kwa idhini yake na ya wazazi wake. Majina siweki, hospitali siitaji. Mimi ni nesi kwenye kitengo cha kusafisha damu hapa Mombasa, huu mwaka wa 11, na babake huyu kijana ni mgonjwa wetu wa Jumanne na Ijumaa.

Nianze na mzee manake bila yeye mambo hayaeleweki. Figo zake zilimalizwa na sukari. Mara 2 kwa wiki twamuunga mashine, masaa 4 kila akija. Ukimuwekea kiganja mkono wake wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko pale daktari alipounganisha mishipa miwili, utasikia panatetemeka drrrr kama simu iliyo kwenye vaibresheni chini ya mto. Hio ndo fistula, mlango wake wa mashine. Siku ikinyamaza sisi sote hukurupuka, damu ishaganda mle ndani na kumtafutia mlango mwengine si kazi ndogo.

Sasa figo kazi yake si mkojo tu. Figo ndo hupima oksijeni kwenye damu, ikiona imepungua hutoa homoni iitwayo eritropoetini, sisi kazini twaiita EPO, na homoni hio huenda mpaka kwenye uboho ndani ya mifupa ikaamrisha chembe nyekundu zitengenezwe. Figo zikifa homoni nayo hupungua, ndo waona wagonjwa wetu wamepauka midomo, ngazi mbili tatu tu wanahema. Mzee alikuja kwetu HB, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikiwa 6.8, wakati wa kisa hiki alikuwa 8.2, na kilichokuwa kikimpandisha ni sindano ya EPO ya yuniti 4,000 chini ya ngozi mara 2 kwa wiki pamoja na dawa ya madini ya chuma. Wagonjwa wetu hawaiiti EPO, waiita sindano ya damu, na wengi hununua wenyewe wakaiweka friji ya nyumbani.

Hio friji yao naijua. Sindano 6 zilikuwa kwenye mlango, kando ya chupa ya achari ya maembe na ndimu iliyokatwa nusu. Nlimwambia kijana azitoe pale aziweke rafu ya kati, manake dawa hii yataka digrii 2 mpaka 8 na mlango wa friji ukifunguliwa-funguliwa joto la Majengo laingia lote, tena asizisogeze karibu na friza, sindano ikishaganda barafu ni ya kutupa. Akazihamisha siku ile ile. Ni kijana msikivu, anafanya kazi ya kliaringi bandarini, maisha yake ni makaratasi, akishika jambo hulisoma usiku kucha.

Siku yenyewe ni Jumamosi, yapata saa 4 asubuhi, mamake yuko jikoni ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Miaka 58, presha anayo ya siku nyingi na dawa zake humeza akikumbuka. Kifuu kikamponyoka mkononi, akakiokota, kikamponyoka tena. Bintiye akamuuliza mama vipi, akajibu maneno hayashikani, mdomo upande wa kulia umeteremka.

Mtaani kukasemwa ni upepo. Jirani akaja na mafuta akamkanda, akaitwa maalimu akasoma, na mimi sina neno na dua, dua ni silaha yetu, lakini dua yasomeka hata ndani ya tuktuk njiani kwenda hospitali. Wakamtoa nyumbani saa 11 jioni. Masaa 7! Skani ya kichwa usiku ule ikaonyesha mshipa wa ubongo umeziba, haukupasuka. Kuna dawa ya kuyeyusha bonge la damu lakini hupewa mgonjwa ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili ya kwanza, na si kila hospitali inayo, kwa hivyo hio ilishampita kabla hajafika getini. Akapewa kitanda, aspirini, dripu, ndugu wakaambiwa ngojeni daktari wa Jumatatu. Kuanzia Jumamosi usiku mpaka Jumapili usiku hakuna mtu alokaa na ile familia hata dakika 10 kuwaelezea kilichotokea ndani ya kile kichwa. Nasema kwa uchungu manake mimi ni wa fani hio hio, na najua mtu asipoambiwa kitu hukitafuta mwenyewe.

Jumapili saa 5 usiku simu yangu ikalia.

"Khalti, samahani nakusumbua. EPO ya baba, yalinda ubongo?"

Nkanyamaza kidogo. "Nani kakwambia?"

"Nimesoma. Ujerumani walipima kwa wagonjwa wa kiharusi wakapata nafuu kubwa. Nishampa mama moja, saa 1 jioni tulipoenda kumuona, ya tumbo kama nimpigavyo baba. Zimebaki 5. Nataka nimpe zote usiku huu, kesho nitafute 19 nyengine."

Hio 19 ndo ilonikalisha kitako kitandani. Mtu wa kubahatisha hasemi 19. Nkamwambia usiguse sindano nyengine mpaka tumalize kuongea, na tukaongea mpaka karibu saa 8 usiku, mimi nafungua makala kwenye simu moja na kuongea kwa nyengine. Haya nnayoandika chini ni yale tulopitia usiku ule, mengine niliyapanga vizuri baadaye.

Kwanza, kijana hakuokota porojo. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani, Michael Brines na Anthony Cerami pamoja na wenzao, walitoa matokeo kwamba EPO ikipigwa kwenye mwili huvuka ule ukuta unaozuia vitu vya kwenye damu visiingie ubongoni, na wanyama wa maabara waliozibwa mshipa wa kichwa wakapewa EPO kabla au ndani ya masaa 6 baadaye, madhara ya ubongo yalipungua kwa asilimia kama 50 mpaka 75. Wajapani walikuwa washaonyesha miaka ya 90 kwamba ubongo wenyewe una vipokezi vya homoni hii, yaani milango ya kuipokea. Yaani homoni tulioijua kama ya damu peke yake, kumbe mwilini ina kazi ya pili, kulinda nyama iliyoumia isife.

Huyu Cerami yafaa watu wa Mombasa wamjue manake ameshagusa nyumba nyingi humu bila ya sisi kujua. Kile kipimo cha sukari ya miezi 3, HbA1c, anachopimwa babake kijana kila akienda kliniki, Cerami na wenzake ndo waliosukuma mwaka 1976 kitumike kufuatilia wagonjwa wa sukari. Alafu akaingia kwenye vijidudu vya trypanosoma, hivi vya mbung'o vinavyoleta malale kwa watu na kukondesha ng'ombe. Kilichomkera ni sungura walioambukizwa, wanakonda wanakwisha na vijidudu vyenyewe ni vichache mwilini, sasa nini kinawala? Akafuata swali hilo mpaka akaipata protini ambayo mwili wa mnyama mwenyewe ndo huitoa, akaiita kachektini, na mwaka 1985 ikajulikana kuwa ndo ile ile wengine waliiita TNF. Leo dawa za kuizuia TNF zatibu watu wengi wenye baridi yabisi kali. Mimi hapo nlisimama kidogo, nkamsomea kijana mara mbili. Mtu aliyeona kwamba mwili ukipigwa hujimaliza wenyewe kwa uvimbe na moto wa ndani, si ajabu akaja kutafuta ni kitu gani mwilini humo humo kinauzima ule moto. Brines na Cerami waliiona EPO kama ndo mwenzake TNF wa upande wa pili, mmoja awasha mwengine azima.

Na EPO yenyewe kupatikana ilikuwa jasho. Wafaransa wawili, Carnot na Deflandre, walisema tangu 1906 kwamba kuna kitu kwenye damu ya sungura aliyetolewa damu ambacho kikitiwa kwa mwengine damu yaongezeka. Ikachukua mpaka 1977 kwa Eugene Goldwasser wa Chicago kuisafisha, tena kutoka kwa mikojo lita 2,550 ya wagonjwa wa Japani wenye uboho uliokufa, ambayo Takaji Miyake alivuka nayo bahari ikiwa imekaushwa, na wakatoka na miligramu chache tu. Mwaka 1983 Fu-Kuen Lin wa Amgen, kampuni ya dawa ya Marekani, akaipata jeni yake, na 1989 Marekani ikaidhinishwa dawa kwa wagonjwa wa figo. Ile sindano ya kando ya achari imetoka mbali hivyo.

Sasa turudi kwa 19. Kijana alikuwa amesoma utafiti wa Göttingen, Ujerumani, wa Hannelore Ehrenreich na wenzake, uliotoka 2002. Wagonjwa 40 wa kiharusi, nusu wakapewa EPO nusu wakapewa dripu isiyo na dawa, na waliopewa EPO walipata yuniti 33,000 kwa siku, siku 3, kupitia mshipa, ya kwanza ndani ya masaa 8 tangu kuanza. Mwezi mmoja baadaye waliopewa EPO walikuwa na hali nzuri zaidi kuliko wenzao. Kijana akapiga hesabu: 33,000 mara 3 ni 99,000, ukigawa kwa 4,000 ni sindano 25, nyumbani ziko 6, zimebaki 19 za kununua. Hesabu sahihi kabisa, siwezi kumlaumu kwa hesabu.

Nkamuuliza, baada ya 2002 ulisoma nini? Akasema hapo ndo alisimama, alipata alichokuwa akitafuta.

Na hapa ndo penye roho ya kisa chote. Wale wale Wajerumani, Ehrenreich huyo huyo, kwa uaminifu wao hawakukaa na wagonjwa wao 40 wakajisifu, walirudi kwenye hospitali nyingi wakachukua wagonjwa 522, wakatoa majibu 2009. Safari hii yuniti 40,000 mara 3, ya kwanza ndani ya masaa 6. Waliopewa EPO hawakupona kuliko wenzao. Kibaya zaidi, kati ya waliopewa EPO walikufa asilimia 16.4, na waliopewa dripu bandia walikufa asilimia 9. Nkamsomea hizo namba pole pole. Kwenye watu 256 waliopewa EPO walikufa 42, kwenye 266 wa upande wa pili walikufa 24.

Kimya. Alafu akanijibu, na jibu lake lilikuwa la maana: "Lakini khalti, nimeiona sasa hivi, wamesema tahadhari hasa kwa waliopewa ile dawa ya kuyeyusha damu. Mama hakupewa."

Ni kweli, zaidi ya nusu ya wale wagonjwa walikuwa wamepewa dawa ya kuyeyusha bonge, ambayo ilikuwa imeenea Ujerumani kuliko wakati wa ule utafiti wa kwanza, na watafiti wenyewe walitia wasiwasi kwamba EPO na dawa hio hazipatani. Sikutaka kumziba mdomo kwa kuwa mimi ni nesi na yeye ni mtoto wa mgonjwa. Nkamwambia haya, chukulia hio sababu yako ni ya kweli, tumuangalie mama yako aliyelala pale kitandani, tusiangalie mgonjwa wa kwenye karatasi.

Masaa. Panya walinufaika ndani ya masaa 6, Wajerumani wa kwanza walianza ndani ya 8, wa pili ndani ya 6. Mama saa 5 ya usiku wa Jumapili ana masaa 37. Nyama ya ubongo iliyokosa damu Jumamosi asubuhi haingoji mpaka kesho yake usiku.

Njia. Wale walipewa kwa mshipa, EPO ikaingia kwenye damu yote kwa mkupuo, na hata hivyo inayovuka ule ukuta wa ubongo ni sehemu ndogo sana, ndo maana dozi ilikuwa kubwa vile. Sindano ya chini ya ngozi hupanda taratibu kwa masaa mengi na kilele chake ni cha chini. Kwa mzee huo utaratibu ndo twautaka, uboho wapenda kuamrishwa pole pole. Kwa ubongo ni kama kumimina kikombe cha maji Nyali utarajie Likoni wakoge.

Presha. Mama presha yake Jumapili ilikuwa 188 juu ya 104. EPO hupandisha presha, hilo twaliona kwa wagonjwa wetu wenyewe, na karatasi ya ndani ya pakiti yasema wazi mwenye presha isiyodhibitiwa asipewe. Hili lingetosha peke yake.

Na damu yenyewe. Mzee HB yake ni 8, yeye ana nafasi ya kupanda. Mama HB yake ilikuwa 12.9. Huyu hakuwa na upungufu wowote, ukimsukuma juu zaidi damu yazidi kuwa nzito na kuganda kwepesi, tena kwa mtu ambaye jana tu kaganda mshipa wa kichwa. Huku kwetu EPO watu wengi waliisikia kwanza kwa habari za wanariadha waliofungiwa, walioitumia ili damu ibebe oksijeni zaidi, na hatari yao ilikuwa hio hio. Hata kwa wenye figo mbovu wakubwa walijifunza kwa maumivu. Utafiti ulioitwa TREAT, 2009 pia, ulichukua watu 4,038 wenye sukari, figo mbovu na damu chini, nusu wakapewa dawa ya jamii ya EPO ili HB ifike karibu 13. Kiharusi kiliwapata asilimia 5 ya waliopewa na asilimia 2.6 ya wasiopewa, karibu mara mbili. Ndo maana mzee hatumpeleki 13, akifika kwenye 11 sisi hupunguza sindano, na yeye kila mara hulalamika mbona mwanipunguzia nami nasikia nguvu. Usiku ule kijana ndo alielewa kwa nini.

"Sasa mbona kwa panya ilifanya kazi?" akauliza. Alikuwa haulizi kwa ubishi tena.

Maelezo ya Brines na Cerami ni kwamba EPO ina milango miwili. Kwenye uboho kuna kipokezi cha vipande viwili vinavyofanana, chepesi kuamshwa, kiasi kidogo tu cha homoni kinatosha, ndo maana figo hutoa tone tu na kazi yaenda. Kwenye nyama iliyoumia, ubongo, moyo, neva, kuna kipokezi chengine, nusu moja ni ya EPO na nusu ya pili ni protini iitwayo CD131, na hiki ni kizito, chataka homoni nyingi mno ndo kiamke. Kwa kawaida nyama ilioumia hujitolea EPO yake hapo hapo karibu na jeraha, haingoji ya figo. Sasa ukitaka kuamsha mlango mzito kwa sindano itabidi ujaze damu yote, na kabla hujaufikia ushaupiga teke ule mwepesi wa uboho, chembe zaongezeka, vigandisho vyaamka, presha yapanda. Faida na madhara zatoka kwenye chupa moja.

Nitasema pia, wanasayansi hawajakubaliana wote juu ya huu mlango wa pili. Watafiti wa Amgen walionyesha 2006 kwamba zile kemikali zilizotumika kutafutia kipokezi cha EPO kwenye nyama mbali mbali zilikuwa zashika na vitu vyengine visivyohusika, kwa hivyo baadhi ya picha za zamani haziaminiki. Amgen ndo wauzaji wa EPO, na Brines na Cerami nao walianzisha kampuni ya dawa zinazotokana na wazo lao, kwa hivyo msomaji ajue kila upande una mguu wake kwenye biashara. Mimi kwa maoni yangu wazo la milango miwili laeleza mengi tunayoyaona, ila ushahidi wa kwa watu ndo wenye neno la mwisho na huo umekuwa mgumu.

Manake si kiharusi tu. Mshtuko wa moyo, utafiti wa 2011 wa watu 222, wengine wakapewa EPO mpaka yuniti 60,000 wengine dawa bandia, kovu la moyo halikupungua na madhara yalizidi. Watoto njiti, 941, matokeo ya 2020, hakuna tofauti. Watoto waliochelewa kulia, 500, matokeo ya 2022, EPO ikaongezwa juu ya ile tiba yao ya kupozwa mwili, hakuna faida, madhara mabaya yakawa mengi zaidi. Hilo la watoto liliniuma sana, nina rafiki mkunga aliyekuwa akilisubiri kwa hamu.

Tukarudi kwenye sindano moja aliyokwisha kumpa. Nkamwambia kesho asubuhi wamwambia daktari.

"Watanifunga, khalti."

"Hakuna wa kukufunga. Lakini presha ikipanda usiku nao hawajui ulichompa, watatafuta sababu pasipo sababu. Na sai nenda umwambie nesi wa zamu ampime."

Akaenda usiku ule ule, nesi akapima, 184 juu ya 100, haikuwa imepanda. Jumatatu saa 1 asubuhi nkampitia wodini kabla ya zamu yangu, tukasimama pamoja mbele ya daktari. Kijana alikuwa amebeba ile pakiti tupu kwenye mfuko wa shati, akaitoa akaiweka mezani, akasema "nilimpa hii, jana saa 1 jioni" na mikono yatetemeka. Yule daktari, binti mdogo tu, hakumfokea. Aligeuza pakiti akasoma yuniti, akaandika kwenye faili dawa, kiasi, saa na njia, akaagiza presha ipimwe kila baada ya masaa 4 na damu irudiwe kupimwa. Alafu akavuta kiti akakaa, akaweka ile skani dirishani kwenye mwanga, akamuonyesha kijana kwa kalamu, hapa ndo pameziba, hapa ndo paliokufa, hapa pembeni pameumia tu na pana matumaini. Dakika kama 15. Kijana akaniambia tulipotoka, lau ningeonyeshwa hii Jumamosi nisingefungua friji.

Yuniti 4,000 mara moja hazikumfanya mama kitu, si kizuri si kibaya, hatukuona HB kusogea wala presha. Presha ilishushwa pole pole kwa dawa, akaanzishiwa dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu, mazoezi yakaanza siku ya nne, siku ya 9 akatolewa. Mzee hakukosa sindano hata moja, alipiga Jumanne kama kawaida, na mpaka leo nafikiri hajui vizuri ilikuwa karibu vipi kukosa zote 6. Na lile kosa la Jumamosi, la masaa 7, hilo ndo lilomgharimu mama mkono. Sindano ya Jumapili isingeweza kuyarudisha hata ingekuwa ya Göttingen yenyewe. Nlipokaa na bintiye aliyekuwa jikoni siku ile nlimwambia, mdomo ukiteremka, mkono ukiachia kitu, maneno yakipotea, hata moja tu, ita tuktuk kwanza upige simu za jamaa ukiwa ndani. Akalia, nkamwambia usilie, hukuwa wajua, sasa wajua.

Wiki 6 baadaye nlienda kuwaangalia, Jumapili baada ya alasiri. Kijana alinitengea chai akaniuliza kuhusu ARA 290, alikuwa ameendelea kusoma, safari hii mpaka mwisho. Hio ni njia Brines na Cerami walioiendea baadaye. Kwanza, 2004, pamoja na wenzao walionyesha EPO iliyobadilishwa kidogo ambayo haiongezi damu na bado yalinda nyama kwa wanyama, alafu wakaona ni upande gani hasa wa molekuli unaogusa ule mlango mzito, wakatengeneza kipande kidogo cha asidi amino 11 peke yake, ndo hio ARA 290, wakati EPO kamili ina 165. Kile kipande hakiuamshi uboho. Kimejaribiwa kwa watu wenye maumivu ya neva ndogo, 2017 ulitoka utafiti wa wagonjwa 64 wenye sarkoidosisi, ugonjwa wa uvimbe ndani ya mwili, siku 28, na kwa dozi moja wapo neva za kwenye kioo cha jicho zilionekana kuongezeka. Ni wachache na ni muda mfupi. Si dawa ya kiharusi na haiko kemisti, nkamwambia hivyo hivyo, naye akanijibu, "Najua khalti, 64 ni kama wale 40." Nkanyamaza, nkanywa chai.

Sindano za mzee zilikuwa rafu ya kati, 4, na HB yake mwezi ule ilisoma 9.6. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango, bintiye anakanda unga wa chapati na amemkatia tonge aliminye kwa mkono wa kulia, mtu wa mazoezi ndo aliwafundisha hivyo. Aliminya mpaka jasho likamtoka kwenye paji, alafu akafungua kiganja pole pole akanionyesha. Tonge lilikuwa na alama za vidole 3. Wiki ilopita, akasema, na maneno yalitoka moja moja lakini yalitoka, zilikuwa 2.